Mchezo usio na picha unatishaje?

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Sisi wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi ulio kama kilomita 35 kaskazini mwa Kampala, tulikuwa tumeshazoea kukaa ndani. Kwa sababu ya korona hakuna aliyeruhusiwa kutembea baada ya saa tatu usiku, na mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa hajaingia darasani tangu Machi ya mwaka uliotangulia. Simu yake ilikuwa imebaki kuwa saa na tochi. Mimi nilikuwa na laptopu ya zamani, na ndani yake faili moja lisilozidi kilobaiti 128, uzito wa picha moja ya kutumiana kwa WhatsApp. Nikamwita, nikalifungua.

Mchezo wenyewe unaitwa The Lurking Horror. Uliandikwa na Dave Lebling na kutolewa mwaka 1987 na Infocom, kampuni ya Massachusetts, Marekani. Hauna picha hata moja. Unakuandikia mahali ulipo na unachokiona, kisha unakuwekea alama ya > na kishale kinachopepesa. Unaandika unachotaka kufanya, unabonyeza Enter, unajibiwa. Wewe ni mwanafunzi wa chuo kikuu cha uhandisi na kesho unatakiwa kukabidhi insha ya kurasa 20. Nje kuna dhoruba ya theluji. Umekuja jengo la zamani la kompyuta kwa kuwa kompyuta za bwenini zote zina watu, na siku hizi pale chuoni watu wanatoweka. Ukilifungua faili la insha yako unakuta limechanganyika na maandishi ya Idara ya Alkemia, maneno ambayo hukuyaandika wewe.

Mpwa wangu akasoma, akaandika kwa Kiingereza sentensi ndefu yenye adabu, kuuliza aanzie wapi. Akajibiwa kwamba kuna neno lisilojulikana. Akaandika nyingine, jibu lile lile. Mara ya tano akaisukuma laptopu.

"Mjomba, hii haijui Kiingereza."

Alisema kweli. Haijui Kiingereza wala lugha nyingine yoyote, na jambo hilo ndilo linalowashinda wengi. Mtu anaandika kama anavyozungumza na mwenzake, anakataliwa mara tano, anaondoka akidhani mchezo ni mbovu au yeye ndiye mzito wa kuelewa. Inaniuma, kwa sababu nyuma ya mlango huo mdogo kuna aina ya hofu ambayo sijaikuta kwenye filamu wala kwenye michezo ya picha. Mlango wenyewe unafunguka ukishajua umetengenezwaje.

Tuanze na anayekujibu. Kila aliyekulia Uganda anamjua VJ wa kibanda cha video. Filamu inatoka Marekani, India au Uchina, naye anashika kipaza sauti, anaitafsiri kwa Kiganda papo hapo, anawabandika wahusika majina ya mtaani, anawaonya wanapokaribia hatari. Anakaa kati ya watu na hadithi, na pande zote mbili anazielewa. Katika mchezo wa maandishi anayekaa kati ni kichanganuzi, na chenyewe hakielewi upande wowote. Kina kamusi ya maneno mia kadhaa na mifano ya sentensi kinazozikubali. Hiyo ndiyo akiba yake yote.

Mchezo ule unataka amri za Kiingereza, ila hapa nitatumia Kiswahili ili tuelewane. Tuseme umeandika "fungua mlango kwa ufunguo". Kichanganuzi kwanza kinakata sentensi penye nafasi, kinapata maneno manne. Kisha kinalitafuta kila neno kwenye kamusi yake, na katika michezo ya kizazi kile kamusi ilitunza herufi sita za mwanzo tu. Kwa Kiingereza hilo halikusumbua sana. Kwa Kiswahili lingekuwa balaa: kitambaa na kitambulisho vyote vinaanza na "kitamb", kwa hiyo mashine ingeviona kitu kimoja. Ubahili huu ulikuwa na sababu. Kompyuta ya nyumbani ya wakati ule, kwa mfano Commodore 64, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 kwa kila kitu, na mchezo mzima ulikuwa mkubwa kuliko hapo. Ilibidi uvutwe kutoka kwenye diski kipande kwa kipande. Hata hadithi yenyewe ilibanwa: herufi tatu zilifungwa ndani ya baiti mbili, na vifungu vinavyojirudia vikawekwa pembeni ili viitwe kwa namba.

Maneno yakishapatikana, kitenzi kinachukua uongozi. "Fungua" ina mifano yake: fungua kitu, au fungua kitu kwa kitu. Ukiandika "fungua" peke yake, mashine itakuuliza ufungue nini. Hapo wengi hudhani imewaelewa. Haijaelewa chochote. Imeona tundu kwenye mfano wake na inataka lizibwe.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonifumbua macho mimi nilipoijua. Milango katika mchezo ni mingi, basi "mlango" ni upi? Kichanganuzi hukusanya vitu vilivyo karibu nawe tu: vilivyomo chumbani, vilivyo mikononi mwako, vilivyo ndani ya chombo kilicho wazi. Kikibaki kimoja kinachofaa, kinachukuliwa. Vikibaki viwili, unaulizwa ni kipi. Kisipobaki hata kimoja, unaambiwa hukioni kitu hicho hapa. Sasa linganisha majibu mawili. "Neno hilo silijui" maana yake ni kwamba halimo kwenye kamusi, wala hutalihitaji, achana nalo. "Hukioni hapa" maana yake ni kwamba kitu hicho kipo. Hakipo hapa, lakini kipo mahali fulani mchezoni humu. Nilipomweleza hivyo mpwa wangu alikaa kimya, kisha akaandika kwa Kiingereza amri ya kuchukua shoka. Akaambiwa haoni shoka hapa. Akageuka akanitazama. Humu ndani mna shoka.

Tangu dakika hiyo hakuiona tena mashine kuwa jinga. Aliiona inaficha.

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu giza la michezo hii lina asili. Mwaka 1976 hivi, Will Crowther, mwandishi wa programu aliyependa pia kutambaa mapangoni, aliandika mchezo wa maneno kuhusu pango la kweli la Kentucky. Alitaka binti zake waweze kuucheza bila kuwa wataalamu wa kompyuta. Mwaka uliofuata Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford akaupanua, nao ukasambaa vyuoni. Vijana wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Lebling akiwamo, wakauona, wakaandika wa kwao ulioitwa Zork, na mwaka 1979 wakaanzisha Infocom na wenzao. Kwenye Zork ya awali, aliyetembea gizani alitumbukia shimo lisilo na mwisho na kufa. Ikaonekana mtu anaweza kutumbukia shimo hilo hata akiwa darini mwa nyumba, jambo lisiloingia akilini. Lebling akayafuta mashimo, akaweka mnyama wa gizani aitwaye grue, na umbo lake haliandikiki kwa uzuri kwa sababu anaogopa mwanga: ukimmulika hayupo, usipommulika humwoni. Miaka kadhaa baadaye mtu huyo huyo ndiye aliyeandika mchezo pekee wa kutisha wa Infocom. Kampuni yenyewe ilikuwa imeshanunuliwa na Activision mwaka 1986, na mwaka 1989 ofisi ikafungwa. Mafaili yake yanafunguka hadi leo.

Hilo la kufunguka hadi leo ni kazi ya ubunifu ninaouheshimu kuliko mwingine wowote katika habari hii. Miaka ile kila aina ya kompyuta ilikuwa na lugha yake. Badala ya kuandika kila mchezo upya kwa kila kompyuta, Joel Berez na Marc Blank walibuni mashine pepe, kompyuta ambayo haijawahi kuundwa kwa chuma, ikaitwa Z-machine. Michezo yao ya maandishi iliandikiwa mashine hiyo. Kilichobaki ni kuandika mkalimani mmoja mdogo, programu ya kuiigiza mashine hiyo, kwa kila kompyuta ya kweli. Kompyuta za 1987 zimeoza kwenye mabohari, lakini mtu yeyote anayeandika mkalimani mpya anaifufua michezo yote kwa mpigo mmoja. Wa kwangu unaitwa Frotz, na upo hata kwa simu. Katika nchi ambayo tulilipa ushuru wa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018 ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii, mchezo unaohamishwa kwa flashi mara moja na kuchezwa miezi bila bando ni neema.

Ndani ya mashine hiyo pepe dunia nzima ni ukoo. Kila kitu kina mzazi, kinaweza kuwa na ndugu, kinaweza kuwa na mwana. Chumba ni kitu. Meza ni mwana wa chumba, kikombe ni mwana wa meza. Ukikichukua kikombe hakuna kinachosogezwa popote: kimebadilishiwa mzazi, sasa ni mwana wako. Wewe nawe ni kitu, mwana wa chumba ulichomo, na ukitoka kwenda ukumbini umehama mzazi. Kizazi kile cha mashine kiliruhusu vitu 255 tu, vyumba na watu wakihesabiwa humo humo, na kila kitu kilikuwa na swichi 32: kinafunguka au hakifunguki, kina mwanga au hakina, kinachukulika au hakichukuliki. Giza nalo ni swichi. Chumba kikiwa hakina mwanga, na usipokuwa na kitu kinachowaka, maelezo yanafungwa na orodha ya vitu unavyoweza kuvitaja inasinyaa mpaka vya mikononi tu. Ukisema "chukua kisu" na kisu kiko mbele ya mguu wako, huwezi. Programu haikuelezi giza, inakunyang'anya maneno.

Kinachokuwinda nacho ni kitu katika ukoo huo huo. Jana kilikuwa mwana wa chumba cha chini. Zamu hii kimehama, ni mwana wa ukumbi. Zamu ijayo atakuwa ndugu yako.

Mwendo huo unasimamiwa na vijiprogramu vinavyoamka kila zamu inapokwisha. Watu wa kompyuta huviita dimoni. Sisi tungesema pepo, na nadhani tungekuwa tumesema sawa zaidi. Pepo mmoja anahesabu betri, mwingine anahesabu uchovu. Katika The Lurking Horror unachoka, usingizi unakunyemelea, na inabidi utafute kinywaji cha kukukesha. Mwingine anamsogeza mtu fulani kwenye korido. Muda hauendi kwa saa ya ukutani, unakwenda kwa Enter. Ukikaa masaa bila kuandika hakuna kinachotokea. Ukiandika hata amri ya kipuuzi, ya kutazama kiatu chako, pepo wote wanapata zamu yao.

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo Mmarekani asingeliuliza: kwa nini huyu mwanafunzi asitoke tu nje aende zake? Theluji yetu ipo kileleni Rwenzori, Margherita, mita 5,109 juu ya bahari, na wengi wetu tunaiona kwenye picha tu. Nikamweleza kwamba dhoruba ile ni kufuli. Mwandishi wa mchezo wa aina hii lazima amfungie mchezaji ndani bila kuonekana anamfungia, na Lebling alitumia baridi inayoua. Alielewa upesi. Ilikuwa saa nne usiku na sisi wenyewe hatukuwa na ruhusa ya kuvuka lango.

Njia za ndani nazo zimechukuliwa mahali pa kweli. Chuo cha mchezo kimefuatisha MIT, na korido yake ndefu, ambayo kule nayo huitwa isiyo na mwisho, ina urefu wa mita 251 hivi. Mchezoni usiku kuna mtu anaisugua sakafu yake kwa mashine. Sitasema zaidi. Ninachosema ni kwamba bila ramani umekwisha: karatasi, kalamu, kila chumba kisanduku, kila njia mstari. Amri fupi zinatosha, L ya kutazama, I ya kuorodhesha ulivyo navyo, Z ya kusubiri, na herufi za kwanza za pande za dunia kwa Kiingereza.

Fumbo moja la mwanzo nitalisema, kwa sababu linafundisha namna ya kufikiri. Pale mlipoanzia kuna kijana gwiji wa kompyuta, mwenye funguo nyingi. Mpwa wangu alimwomba, akambembeleza, akajaribu hata kumpiga. Kumbe jibu lilikuwa katika hali yake: ana njaa. Jikoni kuna friji, ndani yake chakula cha Kichina, na pembeni kuna maikrowevu. Mwenye njaa hana miiko. Ingekuwa Wandegeya, Kampala, rolex mbili za moto, zile chapati zilizoviringishiwa mayai, zingeleta ufunguo ule ule. Mafumbo mazuri ya michezo hii yako hivyo: usitafute neno la uchawi, mtazame aliye mbele yako, jiulize anataka nini.

Mafumbo mabaya pia yapo, na sipendi kuyaficha. Unaweza kukiharibu kitu mapema, na mchezo ukakuacha uendelee usiku kucha bila kukuambia kwamba huwezi tena kushinda. Andrew Plotkin, mwandishi mashuhuri wa michezo hii, alipanga ukatili huo katika ngazi tano, kutoka mchezo wenye huruma hadi mchezo katili. Wa Lebling hauna huruma nyingi. Dawa ni kuhifadhi mara kwa mara, kila mara kwa jina jipya, wala usilifute la zamani. Waandishi wa baadaye walikuwa wapole zaidi. Anayetaka kutishwa bila kuonewa amtafute Michael Gentry, aliyetoa Anchorhead mwaka 1998. Unapatikana bure, nami nauona ndio bora wa aina yake.

Saa nne na nusu umeme ulikatika. Ikabaki skrini, maandishi na nyuso zetu. Mhusika wetu alikuwa juu ya ngazi ya kwenda chini. Tulishaambiwa chini kuna giza na harufu fulani. Mpwa wangu akaandika herufi D, ya kushuka, kisha hakubonyeza Enter.

Hapo ndipo ilipo hofu yote. Katika filamu anayeshuka ngazi ni mtu mwingine. Kibanda kizima kinampigia kelele asishuke, VJ anamkanya kwa jina, naye anashuka, na tunatishika kwa niaba yake. Hapa hakuna mwingine. Usipoandika, hakuna anayeshuka, na kishale kitapepesa mpaka alfajiri bila kukuharakisha. Hakuna mlio wa ghafla wa kukushtua. Toleo la kompyuta ya Amiga liliongezewa sauti, lakini mimi naona kimya kinafanya kazi kubwa zaidi. Unatakiwa uitengeneze wewe sentensi itakayokupeleka kwenye kitu usichotaka kukiona. Kitenzi ni chako na kidole ni chako.

Kuna na ujanja wa pili ulio mwepesi kuupuuza. Ukiingia chumbani mara ya kwanza unapewa maelezo marefu. Ukirudi, unapewa jina la chumba na vitu vilivyomo, basi. Baada ya saa moja macho yako yamekariri mistari hiyo. Siku mstari mmoja ukiongezeka, au neno moja likabadilika, unajua kabla hujamaliza kusoma. Nilipokuwa mtoto tulisimuliwa habari za abasezi, wachawi wa usiku wanaofukua maiti. Hakuna mzee aliyewahi kutuambia sura yao. Walitupa sauti tu: majani yanayokwaruzwa nyuma ya nyumba, hatua zinazosimama unaposimama. H. P. Lovecraft, Mmarekani ambaye Lebling alifuata nyayo zake, alijenga jina lake juu ya ujuzi huo huo wa kutokuonyesha. Lazima niseme pia kwamba Lovecraft aliwachukia waziwazi watu weusi, na aliyaandika hayo. Ujuzi wa kutisha kwa kuficha haukuwa mali yake. Bibi zetu walikuwa nao.

Mpwa wangu alibonyeza. Sitasema tulichokikuta.

Siku zilizofuata intaneti ilikuwa bado haijarudi, ikarudi tarehe 18, na katika siku hizo aliniuliza kwa nini mchezo kama huu usiwe wa Kiswahili. Nilikuwa na jibu la kiufundi. Inform, mfumo wa kuandikia michezo hii uliobuniwa na Graham Nelson mwaka 1993, unaweka mambo ya lugha katika faili lake pembeni, na kwa njia hiyo Wahispania, Wajerumani na Wafaransa wameugeuza kuwa wao. Anayetaka Kiswahili aandike faili la Kiswahili. Tukakaa na daftari kuona litakuwa na nini, na hapo nikagundua jambo ambalo sikulitarajia.

Kwanza niliona shida. Neno "kubwa" lina mavazi mengi: mlango mkubwa, kisu kikubwa, masanduku makubwa, watu wakubwa. Kichanganuzi lazima kiyavue yote kufika kwenye mzizi. "Mpe chakula" ni kitenzi na mtu ndani ya neno moja. Kukata penye nafasi, kama wanavyofanya Waingereza, hakutoshi.

Lakini tazama upande wa pili. Kiingereza kina kijineno kimoja cha kurudia kitu chochote kilichotajwa, na mashine hukisia kwamba ni kile cha mwisho. Sisi tunasema "ufungue", na mlango umejulikana. "Lifungue", ni kabati. "Kifungue", ni kisanduku. "Iwashe", ni tochi. Vitu vinne viko mbele yako, hujavitaja tena hata kimoja, na hakuna utata. Ngeli zetu, ambazo wanafunzi wengi wa Uganda huzilaani, zinamfanyia kichanganuzi nusu ya kazi. Mpwa wangu akanikamata: "Mjomba, 'ufungue' si ni wewe pia? Ufungue kabati." Kweli. Basi mashine itazame kama kuna nomino mbele: ikiwapo, u ni mtu anayeamriwa, isipokuwapo, u ni mlango.

Na mahali! Mchezo huu wote ni mahali. Kiswahili kina "pana" kwa palipo dhahiri, "kuna" kwa eneo lisilo na mipaka, "mna" kwa ndani. "Kuna mtu" ni habari ya kawaida. "Mna mtu", ukiwa umeshika kitasa cha kabati, ni habari nyingine.

Tulibishana zaidi juu ya kitu kimoja. Hofu inataka kutotaja. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kusema kitu kimejongea na asikuambie kama kina uhai. Sisi kiambishi kinatusaliti: kimepita au amepita, lazima uchague, na ukichagua umeshasema. Mimi niliona ni hasara. Yeye hakusema neno, akachukua daftari akaenda nalo chumbani.

Kesho yake usiku umeme ukakatika tena, akaniita. Hakuwa ameandika programu. Kichanganuzi alikuwa yeye mwenyewe: mimi niseme amri, yeye anijibu kutoka daftarini, na neno lisilo kwenye orodha yake asilijue. Alikuwa ameiweka hadithi yake kwenye Jengo Kuu la Makerere, lile lililoungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, na chini yake akabuni ghala. Nikasema "washa tochi". Nikasema "shuka". Akamulika daftari kwa simu yake, akasoma:

"Ghalani. Mna giza humu, na harufu ya majivu yaliyolowa. Karibu na ukuta kuna kitu kimefunikwa turubai."

Nikasema "kifunue". Akasema kimefungwa kwa kamba. Nikapanda kutafuta kisu, sikukipata, nikashuka.

"Ghalani. Kitu bado kiko pale pale."

Nikapanda tena. Nilikaa juu zamu kadhaa, nikizungukazunguka kwenye ofisi zake zisizo na paa. Nikapata kisu ndani ya droo, nikashuka mara ya tatu. Alifungua ukurasa, akanitazama kwanza, ndipo akasoma.

"Ghalani. Bado yuko pale pale."